Saa Kumi na Tatu za Kwenda, Saba za Kurudi

Kwa miaka mingi nilimwambia dada yangu kwamba kwenda Unguja ni mbali kuliko kurudi London. Nilimwambia kwa simu, Ijumaa baada ya Ijumaa, kutoka flati yetu ya Kilburn, na ushahidi nilikuwa nao. Jirani yetu, mtu wa Pemba, alikuwa amenionyesha tiketi yake. Kwenda, ndege iliondoka London saa mbili usiku ikatua Dar es Salaam saa tatu asubuhi. Kurudi, iliondoka Dar saa nne asubuhi ikafika London saa kumi na moja jioni.

"Kwenda ni saa kumi na tatu, dada. Magoti yangu hayawezi."

"Na kurudi?"

"Saba tu. Upepo huo, unasukuma."

"Basi we njoo kwa hiyo njia ya kurudi!"

Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza jikoni, alicheka mpaka akaangusha mwiko.

Ukweli niliujua. Nilimaliza sekondari, na jiografia nilikuwa naipenda. Nilijua kwamba wakati wa baridi saa za kwetu ziko tatu mbele ya London, na kwamba safari ni saa kumi, kwenda na kurudi. Nilitaka kisingizio tu. Niliondoka kijana, mwaka uliofuata mapinduzi, bila kumuaga dada. Mama alipofariki sikwenda, ingawa njia zilikwishafunguka na kazi ninayo. Dada alimuuguza peke yake, akamlilia peke yake. Sikuogopa umbali. Niliogopa kumtazama usoni.

Ijumaa moja hakutania. "Macho yanakwisha, mdogo wangu. Daktari kasema. Ukija mwakani nitakupapasa tu, kama papai sokoni."

Kesho yake nikakata tiketi. Habari zikafika Edgware Road, kwa watu wa kwetu, kabla sijamaliza chai yangu, na mizigo ya watu ikaanza kumiminika: viatu vya harusi, dawa za presha, miwani ya bibi wa mtu. Sanduku langu likabaki na nafasi ya mashati mawili na kikoi. Magoti, nakiri, hayakuuma hata kidogo.

Dada alinipokea mlangoni. "Shikamoo, dada." Alinishika kidevu, akanivuta karibu kabisa na uso wake, akanitazama kwa muda mrefu.

"Marahaba. Mbona umezeeka hivi?"

"Kumbe unaona!"

"Naona ubaya tu. Uzuri ndio umenipotea."

Chumbani mwake niliona saa mbili kubwa zimetundikwa ukutani, na moja ilikuwa nyuma ya mwenzake kwa saa tatu. Nikapanda kiti niirekebishe.

"Usiiguse! Hiyo yako. Kila mkibadilisha saa huko kwenu, na mimi naibadilisha. Nitajuaje kama umeamka?"

Nikabaki juu ya kiti, mkono hewani. "Kwa hiyo ile hesabu yangu ya upepo…"

"Niliijua siku ile ile. Nikasema, mwache, atachoka mwenyewe."

Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yakanitoka ovyo. Nilimwambia nilikosea kuondoka bila kumuaga, na nilikosea zaidi kutokuja mama alipofariki, na kwamba hakuna aliyenizuia ila mimi mwenyewe.

Akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Nimesikia," akasema. "Sasa shuka, usije ukaanguka. Nimekungoja sana, sitaki kuanza kukuuguza leo."