Picha ya Damu Niliyoipeleka Kasansa

Mjukuu wangu alizaliwa mlegevu, pembe za macho zimepanda juu. Mama mkwe wa binti yangu akamrudisha binti kwangu Shanwe. Alisimama mlangoni kashika kiuno, anaongea kwa pua: "Mama, chukua mwanao. Damu ya ukoo wenu mbovu, hatuitaki."

Nikampokea na mtoto wake. Hospitali kubwa wakapima damu ya mtoto, ya mama na ya baba. Kusoma sijui, ila daktari alinionyesha picha ya vijiti vilivyomo ndani ya damu, wanaviita kromosomu, vimepangwa viwili viwili. Vya binti yangu vilikuwa sawa. Vya mumewe, kimoja kimembeba mwenzake mgongoni, na mtoto karithi hicho.

"Bibi," daktari akasema polepole kama anabembeleza mtoto, "si kosa la mtu. Hata baba hakujua."

Nikaomba picha. Nikapanda basi mpaka kwao Kasansa, nikamkuta mama mkwe anapukuchua mahindi na majirani. Nikaitandaza mbele yao, nikashika kiuno, nikabana pua kumuiga: "Mama, tazama kijiti cha mwanao. Damu ya ukoo wenu mbovu, hatuitaki!"

Majirani walicheka mpaka wakaacha mahindi. Yeye akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Daktari kasema ni kosa langu?"

Sauti ya daktari, ile ya "si kosa la mtu", naiiga vizuri kuliko zote. Siku ile sikuiiga. Nilikunja picha yangu, nikaenda kusubiri basi.