Valvu za Pikapu ya Marehemu

Twalib wa Chamazi, karani wa stoo, alikuwa hana raha tangu arithi pikapu ya marehemu baba yake. Ndani ya miezi saba valvu za injini ziliungua mara tatu. Mara mbili za kwanza alizibadilisha mzee Jabiri, fundi aliyeihudumia gari hiyo tangu enzi za marehemu.

Ya tatu Twalib akasema basi. Akatangaza mtaa mzima kuwa mzee anamfungia valvu feki, kisha akaenda kumshitaki kwa mjumbe wa mtaa, Mama Genoveva. Jamani, mtu na akili zake anamshitaki rafiki wa baba yake! Siku hiyo hiyo wateja wawili wakaondoa magari yao gereji.

Mzee Jabiri hakubishana. Aliomba tu injini ifunguliwe mbele ya mjumbe. Akavua kifuniko cha juu, akachukua kibamba chembamba cha kupimia nafasi, akajaribu kukipenyeza juu ya valvu ya kwanza. Kikagoma. Ya pili, kikagoma. Zote nane zilikuwa zimekazwa hadi mwisho, wakati yeye aliziacha na nafasi. Akauliza nani amezigusa.

Twalib akajibu kifua mbele kuwa ni yeye. Kila Jumapili alikuwa akifungua na kukaza kidogo, maana injini iligongagonga, naye alijua gari nzima haina kelele.

"Mwanangu," mzee akasema, "valvu ikikosa nafasi haifungi. Moto unapenya pembeni, unaiunguza. Kale kasauti ndiko kanakotakiwa."

Loo, Twalib alipigwa na butwaa! Miezi saba alikuwa akiiua gari ya baba yake mwenyewe, na lawama akambebesha mwingine.

Mama Genoveva akamsihi mzee aitengeneze, yaishe. Mzee akarudishia kifuniko, akafuta mikono, akampa Twalib funguo.

"Marehemu aliniachia funguo hizi miaka ishirini, hakuwahi hata kuniuliza nimefanya nini. Wewe umeniletea mjumbe. Tafuta fundi mwingine."

Kesho yake asubuhi Twalib alirudi gereji, akainama na kumwamkia shikamoo. Mzee Jabiri alimsikia vizuri sana. Akaendelea kufungua nati zake. Twalib alisimama pale muda mrefu akisubiri marahaba.