Mpangaji Asiyefungua Mlango

Juzi nilipanga foleni ofisi ya kodi ya nyumba, Kilosa, nyuma ya mama mmoja wa Mikumi aliyejifunga khanga kiunoni kama anayekwenda kulima. Mkaguzi, kijana mgeni wa mkoa huu, alikuwa amemkadiria kodi ya nyumba yenye mpangaji. Mama alikuja kukata rufaa; ikishindwa, angeuza mpunga wa kula.

"Shikamoo, mama. Chumba cha nyuma kina mtu. Nilipiga hodi, nikasikia kikohozi, mlango haukufunguliwa. Mpangaji huyo!"

"Marahaba, mwanangu. Yule ni binti yangu. Ni mwali, amewekwa ndani."

"Basi aje hapa athibitishe kwamba halipi pango."

Foleni nzima ikaguna. Mama hakuguna. Aliweka viwiko juu ya kaunta, akatabasamu.

"Hakuna taabu, ndugu mkaguzi. Ila kwetu mwali hatoki hivi hivi. Hutolewa kwa ngoma, na anayemtoa ndiye anayelisha wageni. Serikali ikimwita, serikali ndiyo imemtoa. Na ukoo wetu mkubwa. Niwaambie waje lini?"

Mkaguzi alimgeukia bosi wake, mwenyeji wa hapa hapa, aliyekuwa ameinamia meza huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Futa mpangaji," bosi alisema bila kuinua uso. "Fungu la ngoma hatuna."

Siku zote ofisi hutuhimiza tujitegemee. Juzi niliiona ikiuacha ukoo mzima ujitegemee kwa gharama za ngoma yake, tena bila hotuba.