Gari Lililoharibika Siku Mbili Kamili

Safari hii ilianza na ahadi ambayo hata si yangu. Rafiki yangu Odeta, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma na sasa jirani yangu hapa Mount Druitt, pembezoni mwa Sydney, Australia, anatunza wazee katika nyumba moja kule Minto. Mmoja wa wazee wake, Bibi Dolma, alizaliwa kwenye milima ya Himalaya upande wa India. Siku moja bibi alimpa kitambaa cheupe cha hariri, akamwomba akakifunge kwenye mlango wa mlima, pale barabara inapovuka juu kabisa, mahali baba yake alipokuwa akipitisha nyumbu wa mizigo. Odeta, ambaye baridi ya Sydney tu humvalisha soksi mbili mbili, akasema ndiyo.

"Ulimwambia ndiyo ya kweli au ndiyo ya kazini?" nilimuuliza.

"Ya kweli. Na ana miaka tisini na moja, Zuhura. Si mtu wa kumwambia tutaenda mwaka kesho."

Basi mimi nikaingia safarini kama mpiga bei. Nimezaliwa Tanga, nimelelewa na mama muuza mitumba, na sasa nahesabu maboksi ghalani. Sijawahi kukubali bei ya kwanza wala hesabu ya kwanza.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Lidcombe, kwa Bwana Tashi, wakala wa safari na mtu wa milima hiyohiyo. Alitupokea kwa chai, akatandaza ramani mezani. Tungepanda gari mji wa Manali, tulale kijiji cha Jispa, tuvuke mlango wa mlima, tushukie mji wa Leh. Dereva na kiongozi wetu angekuwa mpwa wake, Norbu. Siku kumi. Nikaisoma ratiba mara mbili, na mara zote mbili nikakuta siku mbili za Jispa zimeandikwa "kupumzika."

"Hizi za nini?"

"Za kupumzika, dada."

"Tutakuwa tumechoka na nini? Si tumekaa garini?"

"Mwili unazoea hewa ya juu. Mkikimbilia juu mtaumwa."

"Mwili wangu ulizoea shifti za usiku kwa wiki moja."

Nilimweleza kwamba likizo yangu ni wiki mbili, ndege zinakula siku nne, na zilizobaki sikuziomba ili nikalale kijijini. Azing'oe Jispa, azipeleke mwisho, kwenye soko la Leh, ambako nilisikia kuna shali za sufu na wauzaji wanaojua kubishana. Bwana Tashi alimtazama Odeta, akanitazama mimi, akatazama dari.

"Sawa," akasema, akapiga mstari. "Ila gari la mpwa wangu ni la zamani."

"Basi lifanyiwe matengenezo."

"Litafanyiwa, dada."

Kwenye treni ya kurudi nilijipongeza hadi Blacktown. "Mimi siku zile za kulala nilizipenda," Odeta akasema.

Manali tulimkuta Norbu, kijana mrefu wa maneno machache. Nililizunguka gari lake kwanza. Matairi manne na la akiba. Nikalizunguka tena. Manne na la akiba. Halikuwa na kilema. Tukapanda milima siku nzima, barabara imejikunja mpaka ukitazama chini unaona ulikopita nusu saa nyuma. Odeta alishika kitambaa cha bibi mapajani kama anayebeba mayai.

Asubuhi ya Jispa nilitoka na mabegi, nikakuta boneti liko wazi.

"Limekufa?"

"Linaumwa, mama. Pampu."

"Spea inatoka wapi?"

"Manali. Siku mbili."

"Mbili kamili?"

"Kamili, mama."

Nimebishana na mafundi wa mabara mawili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kamili. Lakini hasira haikunipa nafasi ya kufikiri. Nikazunguka kijiji kutafuta gari jingine, na ajabu ya Mungu, kila mwenye gari, gari lake nalo lilikuwa linaumwa. Mama mwenye nyumba yetu ya wageni alinikalisha jikoni, akanipa chai ya chumvi na siagi. "Kunywa. Mlima hauhami," akaniambia.

Mchana Odeta akalala. Kichwa kilimgonga, uji ukamshinda, na kufunga kamba za viatu tu alihema kama aliyepanda ghorofa kumi.

"Nikishindwa hapa, nitamwambia nini bibi?" akasema.

Nilijikaza. Ili nionekane mzima nikaenda kuhesabu mabegi. Nikapata matano. Nikarudia, nikapata sita. Nikakaa chini polepole. Tangu nizaliwe, hesabu zangu mbili hazijawahi kugombana. Mabegi yalikuwa manne.

Siku ya pili Odeta aliamka na njaa, akala chapati tatu, akaimba wimbo wa kanisani kwao. Mabegi nayo yalikuwa manne, mara zote mbili. Nilipochungulia dirishani nikamwona Norbu akiwasha gari bovu, akalisogeza juani, akazima, akafungua boneti tena.

Nikatoka. "Norbu, pampu imepona?"

Akacheka mpaka akashika kioo. "Mama, mjomba alinipigia kutoka Sydney. Kasema, yule anayehesabu mara mbili usibishane naye. Huku mgeni akikata siku za kupumzika, gari huharibika Jispa. Gari la baba yangu nalo liliharibika."

"Na kabla ya magari?"

"Nyumbu alichechemea. Siku mbili."

Kesho yake gari lilipona kwa wakati, kama lilivyoahidi. Kwenye mlango wa mlima upepo ulikuwa unapiga vitambaa vya rangi vilivyofungwa huko na wapita njia. Odeta alishuka peke yake. Hatua arobaini kwenda, akafunga fundo, akaligusa kwa paji la uso, akapaza sauti, "Bibi, kimefika!" Hatua arobaini kurudi. Nilimpiga picha tatu, nikazihesabu mara mbili.

Leh nilibakiwa na saa moja na nusu ya soko. Nilinunua shali kwa bei ya pili. Msiwaambie Tanga.

Jumapili tuliporudi tulikwenda Minto. Bibi Dolma aliisogeza picha hadi puani, akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akauliza, "Jispa mlikaa siku ngapi?"

"Mbili, bibi. Gari liliharibika."

Akacheka, Odeta akawahi kukishika kikombe.

Wiki iliyopita nilikuwa tena Lidcombe, maana akina mama wa kanisa la Odeta nao wanataka kwenda. Nimejifunza kwamba kuna siku ambazo ukizipunguza, unajipunja mwenyewe; hilo ghalani hawafundishi. Bwana Tashi alinisukumia ratiba, kalamu ikiwa tayari kupiga mstari.

"Hizi mbili za kupumzika," nikamwambia, "zifanye tatu."

"Tatu ni nyingi, dada. Mbili zinatosha."

"Tatu."

"Mbili."

Nikanywa chai kidogo. "Basi mbili," nikasema, "na ya tatu gari liharibike."