Sakafu Kuukuu Haifukuliwi

Kuna siku moja naikumbuka kila nionapo mtu ameshika tindo, na leo wewe, Daudi mwanangu, umenilazimisha niikumbuke nikiwa nimekaa kwenye kigoda katikati ya sebule yako, hapa mjini, Area D, fundi wako kasimama mlangoni anatazama viatu vyake. Asimame tu. Sitoki hapa mpaka niseme.

Sikutoka Kongwa kuja kugombana. Nimekuja kwenye ubatizo wa mjukuu wangu Elia. Nashuka kwenye bajaji, nakuta makochi yako nje, nauliza kulikoni, naambiwa vigae vya zamani vinang'olewa leo, wakwe wasije Jumapili wakakuta sakafu nyeusi iliyochakaa. Nikamgeukia mkeo, akanijibu kwa sauti ya chini: "Mama, afisa mazingira alishakuja. Alisema vigae hivi vina asbesto, vumbi lake linaharibu mapafu, tusivivunje mpaka arudi na wenzake." Sasa mwanangu, mtu mzima ameambiwa hivyo na bado anaita fundi, mimi nimwiteje? Wakwe zako wanatoka Makutupora kuja kumwona mtoto. Hawaji kula sakafu.

Lakini maji hufuata mkondo. Baba yako alikuwa hivi hivi.

Tulipooana tuliishi kwenye tembe la mama yake. Sakafu ya tembe unaijua, udongo na samadi ya ng'ombe. Ikichakaa hunyunyiziwa maji, ikasiribwa tabaka jipya juu ya lile la zamani, na hivyo hivyo tangu enzi za bibi zao. Haifukuliwi. Baba yako akarudi kutoka vibarua vya mjini na mfuko wa saruji na maneno mengi. Dada yake alikuwa anaolewa, wageni wanakuja, eti sakafu ya samadi ni aibu. Akangoja mama yake aende kisimani, akachukua jembe, akaanza kufukua. Nami sikumzuia, maana hiyo saruji hata mimi niliitamani.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni na ndoo kichwani, hata hakuitua. Akamwambia mwanawe, "Waliofunika hapa walijua walichokuwa wanakifunika. Wewe umefukua nini?"

Tukadhani anasema mambo ya mizimu. Kumbe alikuwa anasema papasi, wale wadudu wanaojificha kwenye udongo wa nyumba kuukuu na kuleta homa. Walikuwa wamelala chini kule miaka yote, sisi tukawaamsha. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa anatambaa, kama Elia anavyotambaa sasa. Homa ikampanda, ikashuka tukashukuru, ikarudi. Tulimzika kabla ya harusi.

Ndiyo, ulikuwa na kaka. Aliitwa Mose. Baba yako hakuweza kulitaja jina hilo mpaka anaingia kaburini, ndiyo maana hukulisikia, na mimi nimechoka kulinyamazia.

Tena papasi ana nafuu. Yeye alituonyesha kosa letu pale pale. Vumbi hili halina haraka. Litamngoja Elia mpaka aote ndevu ndipo aanze kukohoa, na wewe utakuwa umeshasahau hata rangi ya vigae. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi mjukuu ninaye mmoja tu.

Basi sikiliza, maana sipendi kurudia. Kigae kilichoshika vizuri kiache kilivyo. Afisa akiridhia, weka sakafu mpya juu yake, kama tembe lilivyosiribwa. Vile vya pembeni vilivyopasuka visiguswe na tindo wala msasa, wala mtu asipitishe ufagio mkavu. Vifunikeni kwa kitambaa kilicholoweshwa, mfunge mlango, mngoje wenye kazi yao. Mtoto atalala chumba cha nyuma na mimi. Jumapili tandikeni mikeka uani, zabibu watakazoleta wakwe tutazilia huko huko, na atakayeicheka sakafu mleteni kwangu. Mambo ya kuogopa macho ya wageni kuliko kifua cha mwanao, hayo yaishe leo.

Na huyu fundi mpe nauli yake, umwombe na radhi, kwa sababu ulimwita avute vumbi usilotaka kulivuta wewe. Naye ana mapafu, naye ana watoto.

Usilie, mwanangu. Inama nikuwekee mkono. Mungu akupe pumzi ndefu, wewe na mkeo na mtoto wenu. Akupe kumwona Elia akikimbia ndani ya nyumba hii mpaka aichakaze hiyo sakafu mpya, na wajukuu zako waje kuweka nyingine juu yake.

Sasa nisaidie niinuke. Na Jumapili, mchungaji akiuliza jina la pili la mtoto, mwambie ni Mose.