Mdomo wa Mivukuto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimpeleka kambo, yaani nyanya yangu aliyenilea, kwenye makumbusho ya hapa Kolwezi. Kilikuwa chumba kimoja tu chenye vitu vya nyumbani vya zamani: vinu, mitego, vikapu. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya sekondari, nikajiona msomi.

Kambo akasimama mbele ya bomba la udongo, jeusi mdomoni. Nikamsomea kibandiko: "Kiko cha chifu." Akacheka mpaka akashika meza.

"Chifu gani alikuwa na kinywa kubwa hivi? Hii ni mudomo ya mivukuto, ya kupitisha upepo kwenye moto! Tata yangu, baba mwenye alinizaa, aliyeyusha nayo shaba. Mi nilikuwa nachota udongo yake kwenye kichuguu."

Mwongozaji, mtu wa kuongea Kifaransa safi, akatukaribia na kalamu mkononi. "Mama anasema nini?"

Nikaona haya. Kambo alikuwa amevaa ndala. "Hakuna kitu, shefu," nikasema. "Ni buzee tu, mambo ya uzee."

Kambo akaondoa mkono mezani, akaelekea mlangoni.

Mwongozaji simlaumu. Kibandiko aliandika alivyoambiwa, na siku ile kalamu yake ilikuwa tayari. Aliyeizuia ni mimi.

Jioni nilimkuta kambo akimenya mihogo. Nikamuuliza mivukuto ilikuwa mingapi. Hakuinua macho.

"Si ulisema hakuna kitu?"

Labda alikuwa akinitania, siwezi kuapa. Sikuuliza tena, naye akafariki kabla ya mvua.

Mwezi uliopita nilirudi kule makumbusho. Kibandiko ni kilekile. Nikamweleza binti anayeongoza wageni sasa, akafungua daftari kwa furaha. "Aksanti, tata! Mivukuto ilikuwa ngapi? Nani alikuwa anavukuta? Moto ilikaa siku ngapi?"

Nilikuwa na jambo moja tu la kumpa: udongo wa kichuguu. Akaliandika. Mistari mingine ikabaki mitupu.

Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Sijui kama ninafaa kushauri mtu, ila hili nina hakika nalo: ukiwa na mzee mbele ya watu, mwache amalize. Akikosea, wenye kalamu watapima, si wewe. Na leo hii, kabla hujalala, muulize mzee wako jambo moja, uliandike.

Mungu akupe wazee wenye maneno, mwanangu, na masikio ya kuyapokea. Nawe ukizeeka, akuepushe na mjukuu kama mimi.