Picha ya Makka Kule Faza

Harufu ya punda aliyelowa mvua haijanitoka puani mpaka leo, na mimi nimenusa mengi duniani. Ndiyo harufu ya kipupwe cha Pate, miezi ile ambayo pepo za kusi zinavuma na manyunyu hayakatiki, kuta za mawe zinatoka jasho, na nguo iliyoanikwa asubuhi inaanuliwa jioni ikiwa mbichi vilevile. Nilikuwa mtoto wa kike wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Wazungu walikuwa hawajaanza bado vita vyao vikubwa vya kwanza. Shule sikuiona. Darasa langu lilikuwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na huko nako nilitolewa mapema nikafundishwe kushona kofia. Kwa sindano hiyo nimejenga nyumba mbili za mawe mjini Lamu, na herufi hizi za Kizungu nilijifunza ukubwani, kwa kiburi changu mwenyewe. Basi anayetaka maneno ya mapambo akayatafute kwingine. Mimi nitasema jinsi safari ilivyokuwa.

Baba yangu alikwenda Makka kuhiji, akawa harudi. Mahujaji wenziwe walirejea kabla ya masika, kila mmoja na habari yake. Huyu anasema alimwacha Jidda ana homa, yule anasema amepanda meli ya Bombay, na kisimani wanawake walinong'ona kwamba ameoa huko na ametutupa. Mama yangu hakumjibu mtu. Yeye alikuwa mke wa mtu aliye safarini, akaishi kama mke wa mtu aliye safarini: jioni akitunga asumini zake, akijitia udi, akitandika na upande wa baba kitandani. Bibi, mzaa baba, ndiye aliyekuwa akipungua. Alikula kama kuku, punje mbili tatu, kisha anasukuma sahani. Ndipo tuliposikia kwamba Haji Bakari wa Faza, aliyetoka na baba katika chombo kimoja, amerudi, na amekuja na picha ya Makka. Haikuwa picha ya chapa. Ilichorwa kwa mkono, kwa rangi, kubwa kama ubao wa mlango. Kisiwa kizima kilikuwa kikiizungumza. Watu walitoka Kizingitini na Tundwa kwenda kuitazama, wengine wakarudi wanalia, wengine wakarudi wanaikosoa. Bibi alisema maneno machache tu: "Mwenye picha ndiye mwenye habari. Nipandisheni punda."

Mjomba Athumani, kaka yake mama, ndiye aliyetuongoza. Kwa bahari haikuwezekana, maana nje palikuwa pamechafuka, na Bibi alikuwa akitapika kwa kuitazama tu mashua. Tulitoka Pate alfajiri, Bibi juu ya punda amefunikwa mkeka, mama na mimi kwa miguu nyuma yake, leso zimetuganda mwilini. Njia ilikuwa tope jekundu, na mashambani tope lile hushika mguu kama lina deni nawe. Nilishika mkia wa punda. Sikuhisi uchovu wala furaha. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo sikumwambia mtu: nilijua kwamba katika picha ile nitamwona baba. Picha ni ya Makka, baba yuko Makka, basi atakuwamo, pengine amesimama pembeni na ile kofia yake yenye doa. Tulipofika Siyu, fundi mmoja wa makubadhi aliyekaa barazani kwake akisubiri mvua alituita.

"Mwaenda wapi na baridi hii, Bi?"

"Faza," akajibu Bibi. "Kuiona Makka."

"Alhamdulillahi! Mwaenda kuhiji bila kupanda chombo! Na huyo punda, mbona hamkumtia ihramu?"

"Huyu amekwisha kuhiji," akasema mjomba. "Humuoni alivyonyamaza? Wewe ndiwe hujaenda bado."

Bibi alicheka mpaka akashika tandiko. Mama hakucheka. Alikuwa akiitazama ndia, kama tunavyoiita njia kwetu, utadhani ni yeye atakayeifupisha kwa macho.

Kabla ya Faza kuna mikoko na mkono wa bahari, na usipokuta maji yamekupwa unangoja. Tulingoja. Tulisimama chini ya mikoko tukidondokewa na matone. Maji yalipotoka tulivuka juu ya matope, na baridi ilinipanda miguuni hadi magotini, kisha nikawa siihisi miguu tena. Nilikuwa nikiitazama inakwenda. Hali ile ya miguu, nikikumbuka sasa, ndiyo iliyokuwa hali yetu sote mpaka tuliporudi nyumbani.

Nyumbani kwa Haji Bakari tulipokewa na mkewe, akatupa nguo kavu, akatuingiza chumba cha ndani. Zamu ya wanaume kuitazama picha ilikuwa asubuhi, ya wanawake alasiri, na wakati wa wanawake Haji hukaa upande wa pili wa pazia akieleza kwa sauti. Picha ilikuwa imetundikwa ukutani, kitambaa kizito, rangi zake bado zinanuka mafuta. Kaaba ilikuwa katikati, nyeusi kama mkaa. Minara, nyumba za ghorofa, vilima vya rangi ya udongo wa chungu. Niliitazama yote, pembe kwa pembe. Hapakuwa na mtu. Mchoraji hakutia hata mtu mmoja, wala ndege. Makka tupu, kama mji uliohamwa. Bibi akasema, "Vyema. Hakuchora chenye roho." Mimi nilirudia pembe za chini, nikiitafuta kofia yenye doa.

Bibi alijitambulisha kupitia pazia, yeye ni mama wa nani na huyu ni mke wa nani. Upande wa pili nikamsikia Haji anajisogeza karibu na pazia. Kisha sauti yake ikaja, nzito, ya mtu aliyetoka ugonjwani.

"Hamkupata habari? Nilimwagiza mtu, pale Adeni."

"Tumepata habari nyingi," akasema mama. "Tumekuja kwako kuitaka iliyo kweli."

Haji akauliza, "Yupo mtoto hapo?"

"Labeka," nikasema.

"Weka kidole juu ya Kaaba, mwanangu."

"Nimeweka."

"Sasa panda juu, uvuke minara. Nenda mkono wa kulia, uzipite nyumba zote. Umeona vilima?"

"Naona."

"Chini ya vilima pana pahali hapana kitu."

"Nimefika."

"Simama hapo." Nikamsikia anavuta pumzi. "Hapo ndipo tulipomlaza baba yako."

Kidole changu kilikuwa juu ya rangi, na rangi ilikuwa na chembechembe kama ukuta usiopakwa vizuri. Hilo ndilo ninalolikumbuka, zile chembechembe. Bibi alisema Inna lillahi, akanisogeza kando, akaweka kiganja chake chote pale nilipokuwa nimeweka kidole, asikiondoe. Mama aliuliza neno moja: "Lini?"

"Mfunguo Tatu, Bi. Tuliposhuka Mina. Homa, wala hakukaa nayo."

Sasa tulikuwa mwezi wa Rajabu, miezi saba baadaye. Niliona leso ya mama inatikisika kidogo pale mikono ilipo. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Haji naye alikuwa amekwisha kuhesabu, maana alisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenziwe habari njema: "Na kwa sheria, Bi, eda ya mjane inaanza siku ya kufa, si siku ya kusikia. Miezi minne na siku kumi. Yako imekwisha tangu Mfunguo Saba. Huna unachodaiwa."

"Imekwisha vipi," mama akasema, "nami sijaianza?"

Mke wa Haji alileta kahawa na tende. Mama alipokea kikombe, akamwambia mwenyeji wake kwa sauti ileile ya kuulizana bei ya samaki: "Maulidi nilitia hina." Mke wa Haji akasema, "Hukujua, mwanangu." Mama akasema, "Mikono yote miwili, mpaka hapa," akamwonyesha.

Tulirudi Pate. Watu walikuja kuhani siku tatu, ikasomwa hitima, wakaondoka. Mjane aliyemo edani hatii hina wala manukato, naye hukaliwa miezi. Mashoga huingia na kutoka, hupikiwa, hulindwa, na siku ya mwisho huogeshwa akatoka mbele ya watu. Mama hakuwa na siku za kukalia. Siku ya nne alifagia ua. Jioni alikaa na uzi wake akatunga asumini kama kawaida, akamaliza, akaziweka juu ya sahani. Hakuzivaa, hakuzitupa. Asubuhi zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia. Kipupwe hakijaisha, mtu alikwisha kutuma posa, maana kisheria mama alikuwa huru, akamkataa bila kuinua macho kutoka kwenye kofia aliyokuwa akiishona. Sikumwona akilia. Watu huniuliza kama mimi nililia. Sikulia. Sikujua kwamba ni wakati wa kulia.

Leo picha za Makka zimejaa kila nyumba, kwenye kalenda, kwenye miswala, na wajukuu wangu wanapita mbele yake hawageuzi shingo. Mume wangu alipofia hospitali Mombasa, simu ilifika Lamu kabla ya adhuhuri. Nikavuliwa dhahabu, nikakalishwa ndani, nikakaa eda yangu mpaka siku ya mwisho, watu wamejaa, kelele, mashoga hawana adabu. Niliichukia eda ile, lakini nilikuwa nayo. Vijana wa hapa hunikalisha barazani wakitaka nisifu zamani. Samaki walikuwa wengi, sikatai. Heshima ilikuwapo, sikatai. Lakini mama yangu aliimaliza eda ya mumewe mikono ina hina, hana habari, kwa kuwa habari ilikuwa ikitembea kwa miguu. Leo angepigiwa simu, akavua bangili zake siku ileile, akakaa chini. Kwa hilo moja siku hizi ni bora kuliko zile, na sitaki kubishana na mtu.